CHEKI YA MZEE IINGIE AKAUNTI YA MZEE



Leo tunataka kusema juu ya jambo linalotugusa sisi wa reli tuliotoka Kilifi na Malindi. Reli haifiki mji wa Kilifi wala Malindi. Kazi yetu iko Mombasa, na wazee wetu wako Ganze, Kaloleni na Magarini. Basi cheki ya mzee ikitoka, mara nyingi sisi ndio tunaopewa tuipeleke benki.

Wako ndugu wasemao, "Tuitie katika akaunti yangu, halafu nitampelekea kwa M-Pesa." Hilo hatulikubali. Cheki iliyopigwa mistari miwili hailipwi taslimu dirishani. Huingia katika akaunti tu. Mistari hiyo ni ulinzi wa mzee. Mzee akilazimika kumwomba mwanawe fedha zake mwenyewe, amekwisha kuwa maskini katika nyumba yake.

Kuipeleka si kazi ngumu. Jaza fomu ya benki: jina la mzee, nambari ya akaunti yake, na kiasi. Karani apige muhuri, nawe shika kipande chako. Mzigo hauondoki stesheni bila risiti; fedha ya mzee ni vivyo hivyo.

Angalieni sana majina. Kwetu Wagiriama mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake mzaa baba. Kwa hiyo Kazungu Charo ni baba, na Charo Kazungu ni mwanawe. Karani akiona majina yamepinduliwa ataikataa cheki, na ana haki. Irudisheni kwa aliyeiandika. Msiiguse kwa kalamu yenu.

Tena msiiweke sandukuni. Ikipita miezi sita tangu tarehe yake, benki haiipokei. Wala msikope dukani siku ile ile ya kuiweka. Tangu 2011 benki hupelekana picha za cheki badala ya karatasi, na siku za kungoja zimepungua, lakini cheki yaweza kurudi. Ngojeni mpaka fedha ziingie.

Mwisho, mzee asitie dole gumba katika karatasi tupu, hata mbele ya mwanawe. Mpelekeeni kile kipande chenye muhuri, msomeeni, akiweke yeye mwenyewe.

Tunadai haki zetu kwa tajiri kila siku. Basi haki hiyo na ianzie nyumbani.