Mtu ni Watu: Msingi wa Maisha ya Pamoja katika Usharika



Wahenga walisema, "Mtu ni watu." Usemi huo hauhimizi ukarimu tu, unaeleza mwanadamu ni kiumbe wa namna gani. Hakuna aliyejizaa, aliyejipa jina, wala aliyejifundisha lugha peke yake. Kabla mtoto hajajua kusema "mimi", amekwisha kuitwa mwana wa fulani.

Mmisionari Bruno Gutmann wa Misheni ya Leipzig, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902 na kutumika miaka mingi Old Moshi, aliijenga huduma yake juu ya ukweli huo. Miongoni mwa Wachagga alitambua mafungamano matatu: ukoo, ujirani na rika. Aliyaona kuwa zawadi za Mungu katika uumbaji, wala hakutaka Injili iyavunje. Ujirani, kwa mfano, ulionekana katika mifereji ya Kilimanjaro. Maji hayakufika shambani kwa nguvu za mtu mmoja. Watu waliichimba pamoja, wakaizibua pamoja, wakagawana zamu. Asiyetokea kazini bila udhuru alitozwa faini, kwa kuwa uzembe wa mmoja uliweza kukausha migomba ya wengi.

Hata hivyo, mafungamano ya kuzaliwa yana mpaka. Ukoo humjua aliye wake. Mgeni asimame wapi? Nchini Ujerumani, katika miaka ya 1930, mpaka wa damu ulifanywa sheria ya kuwatenga Wayahudi, na wako waliotaka sheria hiyo itawale hata kanisani. Mchungaji Dietrich Bonhoeffer alikataa. Mwaka 1935 alianza kuongoza seminari iliyokaa Finkenwalde, ambako wanafunzi walisali, walikula na kuungamiana dhambi pamoja, hadi polisi wa siri walipoifunga mwaka 1937. Katika kitabu chake juu ya maisha ya pamoja, kilichotoka mwaka 1939, alifundisha kwamba Wakristo huunganishwa na Kristo mwenyewe, si kwa kuvutiwa wao kwa wao. Alinyongwa tarehe 9 Aprili 1945.

Walutheri hao wawili wanahitajiana. Gutmann anakumbusha kwamba usharika hauoti hewani. Unaota penye ndugu na majirani. Bonhoeffer anakumbusha kwamba hauishii hapo, kwa maana Meza ya Bwana haimwulizi mtu ukoo wake.

Basi usharika uliotimiza miaka 100 haupimwi kwa ukubwa wa jengo wala kwa wingi wa kwaya. Unapimwa kwa mjane asiye na ndugu, na kwa kijana mgeni aliyepanga chumba jirani na kanisa: akiugua usiku, yuko wa kumgongea mlango? Akifariki, yuko wa kumlilia kwa jina lake?

Mungu aujalie Usharika huu kuwa ndugu wa wasio na ndugu. Amina.