Anayechungulia Hana Leseni

Wasikilizaji, habari yenyewe hatuirudii. Wiki nzima imesomwa kwenye taarifa, imejadiliwa barazani, na kwa bahati mbaya ile video imefika kwenye simu nyingi kuliko taarifa yoyote ya kituo hiki. Droni juu ya ua, ndani wanawake wako kwenye kupamba, buibui zimeshavuliwa, bi harusi amekaa kitini, na kamera inawatazama. Kisha likafuata tamko: droni zote za watu binafsi zisirushwe mitaani hadi itakapotangazwa vinginevyo, na walio nazo wazipeleke kituo cha polisi zikakaguliwe.

Linalotutia wasiwasi ni hilo neno "zote".

Kabla ya hapo, tuseme wazi kuhusu kosa, asije mtu akadai kituo hiki kinatetea uchafu. Pwani hii nyumba zilijengwa kwa kuzingatia faragha kabla ya kuwapo sheria yoyote ya faragha. Mgeni wa kiume huishia daka. Ukipita daka unaingia tekani, na tekani imewekwa makusudi ili apitaye njiani asione kiwanda, yaani ua wa ndani. Siku ya kupamba hata simu hukusanywa mlangoni, na mama anayeshika kapu la simu hamwogopi mheshimiwa wala mke wa mheshimiwa. Wanawake wale walifanya yote yanayotakiwa. Walifunga mlango, walikusanya simu, walitandika turubai pale lilipofika. Aliyewachungulia alipita palipobaki wazi, juu. Lile ni kosa, ni fedheha kwa familia mbili, na anayelicheka kwenye kundi la WhatsApp ni mshirika wake.

Basi swali ni moja, na tungependa lisikike kila siku mpaka lijibiwe. Nani aliirusha? Nani aliisambaza?

Tamko halikuuliza nani. Limeuliza droni ziko wapi. Na sisi tunajua watakaoitika. Ataitika mpiga picha wa harusi aliyelipa ada, akajaza fomu, akapewa cheti. Ataitika mpima ardhi. Ataitika kijana anayerusha kidroni chake ufuoni Jumapili asubuhi kabla watu hawajajaa, aliyejisajili kwa sababu aliambiwa ajisajili. Wataitika kwa sababu majina yao yako kwenye daftari. Aliyejisajili ndiye anayejulikana anakoishi. Anayechungulia hana leseni, hana cheti, jina lake haliko popote, na wiki hii analala usingizi.

Hili si jambo geni kwa wenye droni wa nchi hii. Mwaka 2017 walipewa kanuni. Mwaka 2018 Bunge likazibatilisha kanuni hizo. Wakabaki hivyo hadi 2020, vifaa vinazuiliwa forodhani, mwenye nacho nyumbani hajui kama ni mali au ni ushahidi dhidi yake. Kanuni za 2020 zilipotoka, waliambiwa: sasa jitokezeni, jisajilini kwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA, na mtakuwa salama. Wakajitokeza. Leo waliojitokeza ndio wanaoambiwa walete mashine kaunta.

Na sheria tunayo, wasikilizaji. Tunayo hata ya ziada. Kifungu cha 31 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya faragha. Kanuni za 2020 zinakataza droni kupaa zaidi ya futi 400, zinakataza kuisogeza karibu ya mita 50 na mtu au jengo lisilo chini ya mamlaka ya mrushaji, na zinamtaka mwenye kamera aheshimu faragha ya watu. Sheria ya Ulinzi wa Data ni ya 2019, na ina meno. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila ridhaa yake. Shule moja ikatozwa shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto ambazo wazazi hawakuziridhia. Picha hizo hazikuhitaji droni. Simu ya kawaida ilitosha, na hakuna aliyesema simu zote zipelekwe kituoni. Mtu akichomwa kisu Marikiti, wauza samaki hawaambiwi walete visu vyao vikakaguliwe. Anatafutwa aliyechoma.

Nani aliirusha? Nani aliisambaza?

Kumpata hakuhitaji miujiza. Droni ndogo ya kamera hukaa angani kama nusu saa, wakati mwingine hata hiyo haifiki, halafu lazima ishuke, na ikishuka kuna mtu anayeipokea. Inavuma, majirani walisikia ilikotoka na ilikorudi. Nyingi huweka kumbukumbu ya safari yake, saa na mahali, ndani ya mashine au kwenye simu iliyoiongoza. Video iliyotumwatumwa imekwisha pukutika habari hizo, kwa hiyo mpelelezi anayeangalia nakala aliyotumiwa na shemeji yake anapoteza wakati. Atafute aliyeituma wa kwanza. Na yeyote aliyewahi kuona picha za anayerusha kihalali anajua kwamba kutoka juu futi 300 watu ni vitone, hutambui shangazi wala jirani. Ile video ina nyuso. Maana yake droni ilishushwa chini, kwa makusudi, na mtu aliyejua anachotafuta.

Wanaodhani kwamba kumshika yeyote ni afadhali kuliko kutomshika mtu wakumbuke Gatwick. Disemba 2018, uwanja wa ndege wa pili kwa ukubwa Uingereza ulifungwa na kufunguliwa na kufungwa tena kwa sababu watu walisema wameona droni. Safari zipatazo 1,000 zikavurugika, abiria wapatao 140,000 wakakwama siku chache kabla ya Krismasi. Polisi wakawashika mume na mke. Mume alikuwa mpenzi wa kurusha vindege vya mfano. Sura zao zikajaa kurasa za mbele za magazeti. Wakaachiliwa bila mashtaka. Mwaka 2020 polisi walikubali kuwalipa pauni 200,000, fidia na gharama za mawakili pamoja. Droni haikupatikana, na hakuna hata mtu mmoja aliyeshtakiwa. Mtu alikuwa na burudani yake, basi, na burudani ikageuzwa ushahidi.

Hasira tunazielewa. Julai 2015, huko Kentucky nchini Marekani, baba mmoja aliitungua droni kwa bunduki akisema ilikuwa juu ya uwanja wake na binti yake yuko nje, na hakimu akamfutia mashtaka. Kila baba anayetusikiliza anajua angekuwa upande gani. Lakini baba yule angalau alikuwa na shabaha. Tamko la wiki hii limeelekezwa kwa waliojiandikisha.

Kuna linalowahusu wenyewe wenye droni pia, na hatutawaficha. Jamani, mnajuana. Mji huu si mkubwa kiasi hicho. Mnajua nani alinunua mashine bila kuisajili, nani anajigamba jioni vibarazani kwa picha alizopiga juu ya mapaa ya watu, fundi gani anawabadilishia panga na betri. Mmekaa kimya wiki nzima mkilalamika kwamba jina lenu linachafuliwa, na anayelichafua mnamjua, na mnamwita kwa jina lake la utani. Semeni! Nendeni na taarifa, si na mashine tu. Mkirusha, ombeni ruhusa kwa wenye nyumba mnazopita juu yake, vaeni kizibao, simameni mahali mnapoonekana, ili mama aliye uani akisikia mvumo aweze kutoka nje na kuuliza ni nani, na aone uso.

Nanyi mlio nayo ile video, ifuteni. Ifuteni sasa hivi, taarifa ya habari haijaisha. Usimtumie mwenzako "ajionee mwenyewe". Usiiweke kwa ajili ya kuja kulaani baadaye. Yule bi harusi ana simu pia, na kila anapoifungua kuna mtu anamwambia ameiona.

Kwa waliotoa tamko: lirekebisheni. Fungueni jalada la kosa moja, la ua mmoja, la usiku mmoja, na mtuambie mmefika wapi. Kamishna wa Data aitwe, ana mamlaka na ameshayatumia. KCAA iseme hadharani daftari lake halitafanywa orodha ya washukiwa, kwa sababu kijana aliyeona wenzake wakitendewa hivi hatajisajili mwaka ujao, na mtabaki na anga lililojaa droni zisizo na wenyewe. Na wale ambao wameshapeleka mashine zao kituoni warudishiwe, kwa maandishi, kabla ya Ijumaa. Jumamosi kuna harusi, na wapiga picha wameshachukua arbuni za watu.