Hadithi Fupi na Maisha Yetu

Hotuba ya mwalimu wa shule ya msingi, Siku ya Wakimbizi Duniani, Lobule, Koboko



Nimeombwa niseme machache juu ya faida ya kusoma hadithi fupi. Wengine watauliza: mwenye njaa atakula hadithi? La, hadithi haijazi sufuria. Lakini yaweza kutuzuia tusiuze kisichouzwa. Nitatoa mifano miwili ya waandishi wa Kenya.

Wa kwanza ni marehemu Grace Ogot, aliyesomea uuguzi hapa Uganda. Katika kitabu chake Land Without Thunder cha mwaka 1968 imo hadithi ya kijiji kilichopatwa na ukame. Mganga anasema mvua haitanyesha mpaka Oganda, binti pekee wa chifu Labong'o, apelekwe ziwani awe chakula cha zimwi. Baba anahuzunika, lakini anakubali kwa ajili ya watu. Watu wanashangilia na kumsifu binti. Hakuna anayemwuliza yeye ataka nini. Kijana Osinda, ampendaye, anamfuata na kumtorosha. Na mvua? Inanyesha vilevile.

Ndugu zangu, mwaka 2020 mgao wa chakula cha wakimbizi Uganda ulipunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ukapunguzwa tena. Nyumba inapokosa unga, macho humgeukia binti: aolewe, mahari iingie. Mahari ya mtoto wa darasa la sita itakwisha kabla ya mavuno, na dawati aliloliacha halitamngoja. Kabla hatujampeleka ziwani, tumwulize yeye. Pengine mvua itakuja bila yeye.

Wa pili ni marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o. Katika Secret Lives, kitabu cha mwaka 1975, yumo Kamau, anayerudi nyumbani kutoka kizuizini wakati wa Mau Mau. Anakuta mkewe Muthoni ameondoka na Karanja, yule aliyeleta habari kwamba Kamau amekufa. Anakwenda mtoni na mawazo ya kujitupa. Mzigo wake unaporomoka na kuchukuliwa na maji, naye ghafla anaona moyo umekuwa mwepesi. Anabaki hai.

Hapa mafunzo ni mawili. Kwanza, tusimzike aliye hai kwa maneno ya njiani. Msalaba Mwekundu husaidia kutafuta jamaa waliopotea, tuulize kwanza. Pili, anayepata habari mbaya kutoka nyumbani asifuate mzigo majini. Mzigo na uende, mtu abaki ukingoni. Na sisi majirani tusimwache peke yake. Wenyeji wetu wa West Nile wanayajua haya: baada ya mwaka 1979 wengi wao walikimbilia Zaire na Sudan, kisha wakarudi wakajenga upya.

Mheshimiwa Mwenyekiti, hadithi fupi humalizika kwa kipindi kimoja cha darasa. Naomba Kamati itupatie sanduku la vitabu na saa moja kila Jumamosi, tusome kwa sauti chini ya mti. Asiyejua kusoma atasikiliza, kisha atatusimulia za kwao, za Kikakwa, Kilugbara au Kilingala. Baada ya kila hadithi tuulize swali moja tu: ningekuwa mimi, ningefanyaje?