Kuunganisha Umeme wa Jua na Waya wa Gridi

Wasikilizaji wetu wa Ifakara na wa bonde zima la Kilombero, somo letu la leo ni juu ya umeme wa jua, ambao wengi wetu twauita sola. Baadhi yenu mlifunga sola kabla nguzo za umeme hazijafika mtaani. Sasa nguzo zipo, na swali ni hili: je, mtu anaweza kuunganisha sola yake na gridi, ili umeme unaomzidi mchana uende kwa wengine, naye apunguziwe malipo?

Jibu ni kwamba yawezekana, lakini si kwa kila chombo, wala si kwa mkono wa kila mtu. Mwenye kalamu na aishike, kwa maana mwisho wa somo kuna maswali ya kuzungumzwa katika kikundi.

Kwanza, tuelewe gridi ni nini. Katika eneo letu kuna vituo viwili vikubwa vya umeme wa maji. Kidatu kilianza kazi mwaka 1975, nacho kina uwezo wa megawati 204. Kihansi kilianza kutoa umeme karibu na mwaka 2000, nacho kina uwezo wa megawati 180. Vituo hivi na vingine vyote vya Gridi ya Taifa hufanya kazi kwa pamoja, kama watu wanaotwanga mpunga katika kinu kimoja. Mmoja akiinua mchi, mwingine hushusha, na mapigo hayapishani. Umeme wa gridi huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde, na kila mashine iliyoungwa humo sharti ifuate mapigo hayo.

Sola yako haina mapigo. Umeme wake huenda upande mmoja tu, kama ule wa betri ya tochi. Chombo kinachougeuza huitwa inveta, nazo inveta ni za namna nyingi. Inveta ya kawaida ya betri hutwanga kwa mapigo yake yenyewe. Ukiichomeka katika waya wa gridi, michi itagongana, na inveta yaweza kuungua pale pale. Inveta ya gridi huanza kwa kusikiliza. Ikiisha kuyapata mapigo, ndipo nayo huingiza mchi wake.

Pili, na hapa ndipo penye jambo zito, tuzungumze juu ya usalama. Mnajua jinsi mvua za masika zinavyoangusha miti juu ya nyaya. Fundi hukata umeme, kisha hupanda nguzo. Transfoma iliyo juu ya nguzo hushusha umeme kutoka volti 33,000 mpaka volti 230 za nyumbani. Lakini transfoma haijui mbele wala nyuma. Ukiingiza volti 230 kwa upande wa nyumba, yaweza kuzipandisha tena kuwa maelfu kwa upande wa pili. Mara nyingi nyumba za majirani huumeza umeme huo mdogo na inveta hulemewa. Lakini pale ambapo nyumba ni chache, au waya umekatika karibu na kwako, fundi aweza kugusa waya alioamini kuwa umekufa, kumbe u hai kwa sababu ya sola yako. Hata volti 230 peke yake zatosha kumwua.

Kwa sababu hiyo inveta ya gridi iliyo halali sharti ijizime yenyewe gridi inapokatika, kwa kawaida katika muda usiozidi sekunde 2. Jenereta nayo ni hivyo hivyo: usiichomeke kamwe katika soketi ya ukutani ili kuwasha nyumba nzima.

Tatu, mita. Mwaka 2018 zilitolewa kanuni za kumruhusu mteja mwenye mtambo wa jua au wa namna nyingine ya nishati jadidifu kuingiza ziada yake katika gridi, na ziada hiyo ikahesabiwa dhidi ya umeme anaouchukua. Kwa kazi hiyo huwekwa mita inayohesabu pande zote mbili. Mita ya kawaida ya LUKU haikuwekwa kwa kazi hiyo. Tena ziko mita za kielektroniki zinazohesabu kila umeme upitao, uingie au utoke. Basi mtu aunganishaye kwa siri aweza kutoa umeme wake bure na kukatwa yuniti juu yake! Hivyo anza kwa kupeleka maombi TANESCO, nayo kazi ya nyaya ifanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Nne, jiulize unataka nini. Wengi hudhani kwamba wakiunganisha sola na gridi hawatakaa gizani tena. Sivyo. Inveta ya gridi isiyo na betri huzimika pamoja na gridi, hata jua likiwa la utosi. Kama shida yako ni giza la usiku, yakufaa zaidi betri, pamoja na swichi ya kubadilishia njia, ile ambayo mafundi huiita chenjiova. Swichi hiyo huipa nyumba njia moja tu kwa wakati mmoja, ama gridi ama sola, na haikubali zote mbili zikutane. Kwa nyumba yenye taa, redio na televisheni, hiyo yatosha. Kuunganisha na gridi kunamfaa zaidi mwenye paneli nyingi na kazi za mchana, kama mashine ya kukoboa mpunga au duka lenye majokofu.

Basi, wasikilizaji, shikeni neno moja: umeme unaotoka nyumbani kwako hufika kwenye mkono wa mtu usiyemwona.

Maswali ya kikundi:

1. Kwa nini inveta ya betri isichomekwe katika waya wa gridi?
2. Umeme umekatika mtaani, na jirani anawasha jenereta kwa kuichomeka katika soketi ya ukutani. Mtamwambia nini?
3. Kila mmoja aeleze: nyumbani kwake shida ni giza au ni gharama? Chombo gani kinamfaa?