Nyumba ya Kazi na Nyumba ya Mtu
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Kisumu)



Tumeombwa tuseme juu ya makao, maana katika mkutano uliopita maneno yalikuwa makali. Vijana walisema wazee walikaa bure katika kota za reli, na sasa wanataka ziuzwe. Wazee walisema vijana wataka kupanga Nyalenda na Manyatta mpaka wazeeke, wala hawajengi kwao. Sisi wenye miaka thelathini na kitu tuko katikati, nasi twaona kila upande umeshika nusu ya kweli.

Tuanze na babu zetu. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence. Mfanyakazi Mwafrika alipewa chumba katika landi, na chumba kile hakikupimwa kwa mke na watoto. Mshahara wa chini nao ulihesabiwa kama wa mtu asiye na jamaa, mpaka Kamati ya Carpenter ilipotoa taarifa mwaka 1954 kusema kwamba haifai, na kwamba mshahara sharti umtoshe mtu mwenye jamaa. Wenzetu wa Mombasa walikuwa wamekwisha kugoma Januari 1947, na nyumba ilikuwa moja ya malalamiko yao.

Lakini angalieni jambo moja. Babu hakukiita chumba kile nyumbani. Nyumbani kwake kulikuwa Kano, au Seme, au Alego. Huko alitoka kwa baba yake, akafungua boma lake mwenyewe, na majirani walijua mpaka wake bila karatasi. Bibi alilima mtama na mahindi, na chakula kile ndicho kilichowezesha mwajiri kulipa kidogo. (Hatujasikia bado kwamba bibi alipelekewa barua ya shukrani.) Basi babu alikuwa na mshahara mbaya na chumba kibaya, lakini makao ya uzee alikuwa nayo.

Baba zetu walikuwa na hali nyingine. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mwaka 1978 likaanzishwa Shirika la Reli la Kenya. Wengi walikaa kota pamoja na jamaa zao, nasi tulizaliwa humo. Kwa kuwa kota ilikuwapo, wengine waliahirisha kujenga. Walisema watajenga watakapokaribia kustaafu. Hapo ndipo tulipofungwa macho sote. Kota ni nyumba ya kazi, na kazi ikiisha ufunguo hurudi. Novemba 2006 reli ilipokodishwa kwa kampuni ya Rift Valley Railways, watu wengi walipunguzwa, na wale wasiokuwa na boma walijikuta hawana kazi wala paa. Kampuni hiyo nayo iliondoka 2017, lakini waliohama hawakurudishwa.

Sasa twafika penye ugomvi wenyewe. Mwaka uleule wa 2006 uliundwa mfuko wa malipo ya uzeeni wa wafanyakazi wa reli, ukapewa viwanja na nyumba nyingi zilizokuwa za shirika, ili mapato yake yawalipe wastaafu. Fahamuni maana yake. Nyumba moja imebeba watu wawili. Kwa mzee ni malipo yake ya kila mwezi, kwa aliye ndani ni paa la watoto wake. Kodi ikipandishwa au nyumba ikiuzwa, mzee apata na mpangaji apotea; isipouzwa, mpangaji akaa na mzee angoja. Hakuna mwizi kati ya hawa wawili. Walioandika mpango huo hawakuwauliza hata mmoja wao.

Huko Muthurwa, Nairobi, mambo haya yalifika mahakamani. Mwaka 2010 wapangaji walianza kubomolewa ili mahali pale pajengwe upya, nao wakashtaki. Na mwaka 2013 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwatoa kwa namna ile kulivunja haki yao ya makazi iliyo katika Katiba ya 2010. Wapangaji wale walishinda kwa sababu walisimama pamoja.

Wala tusiseme mambo haya ni ya Nairobi. Februari 2021, hapa Kibos, nyumba za Wanubi zilibomolewa kwa sababu ardhi ilisemwa kuwa ya reli. Ni watu walioishi pale vizazi kwa vizazi. Sisi watu wa reli tusigeuze uso. Aliyekaa muda mrefu bila karatasi alitolewa, na sisi tulio kota hatuna karatasi bora kuliko yake.

Wazee husema, basi rudini kwenu mkajenge. Ni neno zuri, na heshima yake twaijua. Wakili S. M. Otieno alikuwa na nyumba yake karibu na Nairobi, lakini mwaka 1987 Mahakama ya Rufani iliamua azikwe Nyalgunga, Siaya. Ila kwenda kuzikwa ni rahisi kuliko kwenda kuishi. Shamba la babu limegawanywa kwa wana, nao wana wawagawie wana wao. Na mara nyingi hati ingali ina jina la babu, aliyekufa zamani. Hapo mjukuu ajenga nyumba ya matofali juu ya ardhi ambayo kwa sheria si yake, na siku moja binamu aja na mnunuzi. Tumeona haya katika jamaa zetu wenyewe.

Kwa hiyo twaleta mambo haya mbele ya mkutano tupige kura. Sheria ya Kazi ya 2007 yasema mwajiri atoe nyumba ya kufaa au posho ya kutosha kodi. Posho yetu ipimwe kwa kodi za Kisumu za leo. Tena, tangu Machi 2024 twakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri atoa kiasi hichohicho. Chama kiulize ni wanachama wangapi wa hapa wamepata nyumba hizo, na kwa masharti gani. Na juu ya nyumba za mfuko wa wazee, twataka zikiuzwa aliye ndani aulizwe kwanza, alipe kidogo kidogo kwa miaka, na fedha ziende moja kwa moja kwa wastaafu. Mzee alipwe, kijana akae. Wazee wetu wakikubali kutia sahihi pamoja na vijana katika barua hiyo, itasomwa kwa namna nyingine kabisa.

Juu ya hati za mashamba, Katibu atakaa ofisini Jumamosi mbili zijazo, saa tatu mpaka saa saba. Njooni na nambari ya shamba, cheti cha kifo cha mwenye jina, na barua ya chifu ikiwa mnayo. Dada na wajane nao waje, maana sheria ya urithi yawahesabu, hata kama mashemeji hawapendi kusikia.