Kuwaza Sana

Mtu anayekuja kwangu kwa ushauri nasaha mara nyingi haanzi na huzuni. Anaanza na kichwa kinachouma, usingizi uliopotea, chai iliyompoea mkononi bila kunywewa. Washona wa Zimbabwe huiita hali hiyo kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mwaka 2006, mjini Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alianza na bibi 14, akawafundisha kuwasikiliza wagonjwa kwenye mabenchi nje ya zahanati. Bibi hakukatizi. Ukishamaliza, anakuuliza: kati ya haya yote, tuanze na lipi? Swali hilo nalipenda mno. Jioni hii jirani akikwambia halali usiku, usimwambie ajikaze. Vuta kiti, umsikilize.