Ndoa ni ya Nini?

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)



Kila yanapozuka mabishano juu ya ndoa za watu wa jinsia moja, iwe kwenye daladala au kwenye kijiwe cha kahawa, nasikia watu wakigombania swali moja tu: nani aoane na nani. Ni nadra kumsikia mtu akianza na swali linalotangulia, nalo ni hili: ndoa yenyewe ni ya nini? Huwezi kusema nani aingie katika nyumba fulani kabla hujasema nyumba hiyo imejengwa kwa kazi gani. Juma hili naomba tuanzie hapo.

Mabishano haya yamevuma zaidi huko ng'ambo, kwa hiyo tuyatazame huko kwanza. Nchi iliyotangulia kuruhusu ndoa hizo ni Uholanzi, mwaka 2001. Katika Afrika, Afrika Kusini iliruhusu mwaka 2006, baada ya Mahakama ya Katiba kulipa Bunge miezi 12 kurekebisha sheria. Lakini kesi iliyotikisa dunia ni ile ya Marekani iliyoamuliwa tarehe 26 Juni 2015.

Kesi hiyo haikuanza na maandamano wala hotuba. Ilianza na cheti cha kifo. Katika mji wa Cincinnati, jimbo la Ohio, waliishi wanaume wawili, Jim Obergefell na John Arthur, waliokuwa pamoja kwa miaka 20 na zaidi. Arthur akapatwa na maradhi yanayoua misuli polepole mpaka mtu anashindwa kutembea. Jimbo lao halikuwa likikubali ndoa ya namna hiyo. Julai 2013 wakakodi ndege ndogo yenye huduma za mgonjwa, wakaruka hadi jimbo la Maryland, wakafungishwa ndoa humo humo ndani ya ndege uwanjani, kisha wakarudi kwao. Arthur akafariki Oktoba mwaka huo. Shauri lao lilihusu jambo moja: je, Ohio iandike kwenye cheti cha marehemu kwamba alikuwa na mwenzi wa ndoa, au iandike kwamba hakuwa na mtu?

Shauri hilo likaunganishwa na mengine, likafika Mahakama Kuu ya nchi yao. Majaji tisa wakagawanyika, watano kwa wanne. Na hapa ndipo nataka usikilize kwa makini, maana wakubwa hao walijikuta wakijadili swali lile lile langu.

Jaji Anthony Kennedy, aliyeandika hukumu ya wale watano, alisema kwamba ndoa ni agano la watu wawili ambalo hakuna uhusiano mwingine unaolingana nalo. Kwamba kuchagua mwenzi ni haki ya mtu mwenyewe. Na kwamba ndoa hulinda watoto wanaolelewa katika nyumba hiyo, wakiwamo wanaolelewa na watu wa jinsia moja. Akaongeza kwamba hakuna jimbo lililowahi kumnyima mtu ndoa kwa sababu hazai.

Jaji Mkuu John Roberts alikuwa upande wa wale wanne. Yeye alisema kwamba karne na karne, katika kila taifa, ndoa ilikuwa ya mwanamume na mwanamke, na haikuwa hivyo kwa bahati tu. Ilitokana na haja ya asili: mtoto azaliwe na kulelewa na baba na mama waliofungamana maisha yao yote. Tena akasema kwamba jambo zito namna hiyo liamuliwe na wananchi kwa kura zao, si na majaji watano.

Sasa, msikilizaji, usikimbilie kupiga makofi upande wowote. Kila hoja ina uzito wake, na kila hoja ina mahali inapokwama. Anayesema ndoa ni ya watoto atueleze kwa nini tunawafungisha ndoa wazee wa miaka 70, na tunawapigia vigelegele. Anayesema ndoa ni ya mapenzi ya watu wawili atueleze kwa nini basi serikali iiandikishe, itoe cheti, na iingie katika mirathi yake. Mapenzi peke yake hayahitaji msajili.

Hata dini zetu hazikutaja kusudi moja. Kitabu cha Sala cha Waanglikana cha mwaka 1662 kinataja matatu: watoto, kujikinga na uasherati, na kusaidiana na kufarijiana katika raha na shida. Na Kurani, katika Sura ya Ar-Rum, inapozungumzia mume na mke inataja utulivu, mapenzi na huruma. Dini hizo zote mbili, katika mafundisho yanayofuatwa na wengi wa waumini wake, zinasema ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Hilo linajulikana. Ninachosema ni kwamba zilipoulizwa ndoa ni ya nini, hazikujibu "watoto" zikanyamaza.

Tugeukie nyumbani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo inampa kila mtu mzima haki ya kuoa au kuolewa na mtu wa jinsia tofauti. Kwa sheria, basi, jambo hilo kwetu limefungwa. Lakini katika maelezo hayo ya sheria yetu tafuta neno "watoto". Hulioni.

Wazee wetu je? Kule Mara, Wakurya wana desturi inayoitwa nyumba ntobhu. Mama mtu mzima asiye na mtoto wa kiume hutoa mahari ya ng'ombe na kuoa msichana. Msichana huyo huzaa na mwanamume, na watoto wanakuwa wa nyumba ya yule mama. Wanachukua jina na wanarithi. Wanandi wa Kenya nao wana desturi inayofanana na hiyo, na mwaka 2011 Mahakama Kuu mjini Mombasa iliikubali katika kesi ya mirathi.

Tusichanganye mambo. Hii si ndoa ile ya Cincinnati. Wanawake hao hawalali pamoja kama mume na mke. Lakini angalia wazee walivyofikiri: walikata shauri kwamba kusudi la ndoa ni uzao na jina la nyumba, wakalifuata kusudi hilo mpaka mwisho, hata likawafikisha kwenye mwanamke kumwoa mwanamke. Na desturi hiyo nayo ina machungu yake. Sheria ya Tanzania haiitambui kuwa ndoa, na msichana aliyetolewa kwa ng'ombe kwa sababu kwao ni maskini hana kinga ya mke mbele ya sheria. Kusudi moja likitukuzwa kupita yote, kuna mtu atakayekanyagwa chini yake.

Na huyo mtu si lazima awe mbali. Namjua mama mmoja aliyekaa na mumewe miaka 14. Hawakujaliwa mtoto. Waliuza mkaa pamoja, wakajenga vyumba vinne, na mume alipougua ni yeye aliyemwosha na kumlisha miezi saba. Arobaini ilipokwisha, ndugu wa marehemu walikuja na gari. Wakamwambia: "Wewe shemeji hukutuzalia, hapa huna chako." Akaondoka na godoro na sufuria. Waliomtoa ni watu wema, wenye kwenda ibada. Ukiwauliza habari za Marekani watakwambia kwa sauti kubwa kwamba wanailinda ndoa.

Ndoa ipi? Hapa ndipo ninaposimama mimi. Ndugu msikilizaji, una haki ya kuwa na msimamo wako juu ya nani aoane na nani. Dini yako inakuongoza, na sheria ya nchi inajulikana. Lakini kipimo unachokitoa kumpimia jirani, jua kwamba kitapimiwa nyumba yako. Ukisema ndoa ni ya watoto tu, umekwisha andika hati ya kumfukuza yule mama. Ukisema ni ya mapenzi tu, utamwambia nini mwanamke anayeachwa na watoto watano kwa sababu mapenzi ya bwana yamehamia mtaa wa pili?

Mwaka 1983 Mahakama yetu ya Rufani ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Majaji hawakuhesabu watoto. Walitazama jasho. Nami naona hapo pana jibu ambalo hata wanaotofautiana juu ya Cincinnati wangeweza kukubaliana nalo: ndoa, pamoja na mengine yote, ni kumfanya mtu mmoja awe wako mbele ya watu wote, ili siku ya maradhi na siku ya msiba asiwepo wa kuuliza, "Huyu ni nani hapa?"

Basi kabla hatujaenda kuilinda ndoa ng'ambo, tuilinde uani kwetu. Mjane asiye na mtoto ni mke. Tumwachie nyumba yake.

Hadi juma lijalo, kwaherini.